Ritani ya PAYE kwa Mwajiri Mdogo Kenya: Kuwasilisha P10 kwa Wakati, na la Kufanya Ukishachelewa

Kosa linalowatia waajiri wadogo hasara ni lilelile kila mwezi, na nimelieleza kwa simu mara nyingi mno hivi kwamba naona afadhali niliandike. Mwajiri hana pesa ya PAYE, yaani ushuru anaoukata kwenye mishahara ya wafanyakazi. Anasema, "Ngoja zipatikane, nitawasilisha na kulipa kwa mpigo." Pesa zinapatikana baada ya miezi miwili. Anaingia iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), anawasilisha P10, yaani fomu ya ritani ya PAYE, analipa, anapumua. Wiki chache baadaye anafungua leja yake ya iTax na kukuta deni jipya ambalo hajui limetoka wapi.

Limetoka kwenye fomu. Kuwasilisha ritani na kulipa ushuru ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina adhabu yake. Ukichelewa kulipa, unatozwa asilimia 5 ya ushuru pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ukichelewa kuwasilisha ritani ya PAYE, unatozwa asilimia 25 ya ushuru au KSh 10,000, kubwa kati ya hizo mbili. Fomu ambayo haina gharama yoyote kuituma ndiyo yenye faini kali.

Basi lishike hili kabla hatujaanza: wasilisha tarehe ikifika hata kama mfukoni hamna kitu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usifungue iTax kabla ya kukusanya hivi vyote. Ukianza kutafuta PIN (namba ya mlipa ushuru) ya mpishi saa nne usiku wa tarehe 9, umeshachelewa.

- PIN na nenosiri la iTax la biashara yenyewe. Kama ni kampuni, tumia PIN ya kampuni inayoanza na herufi P, wala si yako binafsi.
- Barua pepe iliyosajiliwa na PIN hiyo, na uwe na uwezo wa kuifungua. Biashara nyingi zilisajiliwa na kijana wa saiba akaweka barua pepe yake mwenyewe. Notisi zote huenda huko, naye hana habari nawe.
- Kompyuta yenye Microsoft Excel. Simu haitoshi, na programu za bure zinazofanana na Excel mara nyingi hugoma kuendesha makro (programu ndogo zilizo ndani ya fomu) za P10.
- Orodha ya mishahara ya mwezi: mshahara wa msingi, marupurupu, malipo ya saa za ziada, na kila kilichokatwa.
- Nakala ya cheti cha PIN cha kila mfanyakazi. Namba iliyotumwa kwa SMS usiikubali, na sababu utaiona katika hatua ya 4.
- Karatasi za wenye makato maalumu: mchango wa pensheni, riba ya mkopo wa nyumba, bima, na cheti cha msamaha wa ushuru kwa mfanyakazi mwenye ulemavu.
- P10 ya mwezi uliopita pamoja na risiti yake.

## Hatua ya 1: Jua siku yako ya mwisho

PAYE ya mwezi huwasilishwa na kulipwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Mishahara ya Machi, tarehe 9 Aprili. Hilo wengi wanalijua.

Wasilolijua ni la wikendi. Tarehe 9 ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya umma, siku ya mwisho haisogei mbele kwenda Jumatatu. Inarudi nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia. Tarehe 9 Agosti 2026 ni Jumapili, kwa hiyo ritani ya Julai inapaswa kuwa imefika Ijumaa tarehe 7. Anayengoja Jumatatu amechelewa siku tatu, na faini ya siku tatu ni ileile ya miezi mitatu.

Ada ya nyumba, ile ya asilimia 1.5, sheria yake inahesabu siku 9 za kazi baada ya mwezi kuisha. Usianze kuishi kwa kalenda mbili. Fuata ya PAYE, kwa kuwa ndiyo inayotangulia na zote mbili ziko ndani ya P10 moja.

Mimi huwaandikia wateja wangu tarehe 5. Zile siku zinazobaki ni za stima kupotea, za mhasibu kuugua, na za mfanyakazi mpya aliyesahau kuleta PIN.

## Hatua ya 2: Angalia kama unadaiwa ritani hata bila wafanyakazi

Ingia iTax (jibu lile swali la hesabu la kuingilia, usicheke, limewafungia watu nje) kisha ufungue wasifu wako uone wajibu uliosajiliwa. Kama PAYE imo kwenye orodha, unadaiwa ritani kila mwezi, uwe na wafanyakazi 40 au usiwe na hata mmoja.

Hapa ndipo biashara changa zinapoumia. Siku ya kusajili kampuni, mtu alitia alama kwenye PAYE kwa sababu "siku moja tutaajiri". Mwaka mzima ukapita. Asilimia 25 ya sifuri ni sifuri, lakini sheria inasema kubwa kati ya hiyo na KSh 10,000. Miezi 12 bila ritani tupu ni KSh 120,000 kwa kampuni ambayo haijauza hata kiberiti.

Kama huna wafanyakazi kwa sasa, wasilisha ritani tupu kila mwezi. Ni kazi ya dakika tano na haihitaji Excel. Kama hutarajii kuajiri hivi karibuni, omba wajibu wa PAYE uondolewe kwenye PIN. Ila usiache kuwasilisha ukiwa unangoja jibu. Mpaka uone PAYE imetoka kwenye wasifu wako, bado unadaiwa.

Umefaulu ukiona: orodha ya wajibu inalingana na hali halisi ya biashara, na hakuna mwezi wa nyuma ulioachwa wazi.

## Hatua ya 3: Piga hesabu nje ya P10 kwanza

Ifanye kwenye daftari au kwenye Excel ya kawaida. P10 itakokotoa pia, lakini ukiwa na jibu lako pembeni utajua kosa liko wapi namba zikigongana.

Viwango vya kila mwezi, vinavyotumika tangu Julai 2023:

- KSh 24,000 za kwanza: asilimia 10
- 8,333 zinazofuata: asilimia 25
- 467,667 zinazofuata: asilimia 30
- 300,000 zinazofuata: asilimia 32.5
- Kinachozidi 800,000: asilimia 35

Ukishapata ushuru, ondoa nafuu ya kibinafsi ya KSh 2,400.

Tuchukue mhudumu wa duka anayelipwa 50,000. NSSF (akiba ya uzeeni) ni asilimia 6, yaani 3,000. SHA (bima ya afya) ni asilimia 2.75, yaani 1,375. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 750. Zote tatu hutolewa kabla ya kukokotoa ushuru, kwa hiyo mshahara wa kutozwa ni 44,875.

Za kwanza 24,000 zinatoa 2,400. Za pili 8,333 zinatoa 2,083.25. Zilizobaki ni 12,542, kwa asilimia 30 zinatoa 3,762.60. Jumla 8,245.85. Toa nafuu ya 2,400, PAYE inabaki KSh 5,845.85.

Onyo: SHA na ada ya nyumba zilianza kutolewa kabla ya ushuru tarehe 27 Desemba 2024. Vikokotoo vya zamani vingali vinazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, na vinatoa NSSF peke yake. Kwa mhudumu huyuhuyu vitakupa 6,483.35. Hizo 637.50 za ziada umezikata kwenye mshahara wa mtu bila haki, kila mwezi, na tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi punguzo na nafuu zote anazostahili papo hapo kwenye mshahara, si kumwambia akadai mwenyewe mwisho wa mwaka.

Vitu viwili vingine. Nafuu ya 2,400 mtu huipata kwa mwajiri mmoja tu. Kama kwako ni kazi yake ya pili, usimpe. Na ada ya nyumba wewe mwajiri unaongeza asilimia 1.5 yako juu ya ile ya mfanyakazi, kutoka mfukoni mwako.

## Hatua ya 4: Jaza P10

Pakua P10 mpya kutoka iTax. Usitumie uliyoihifadhi mwaka jana. Sheria ikibadilika fomu nayo hubadilika, na toleo la zamani litakataliwa wakati wa kupakia, yaani baada ya kumaliza kazi yote.

Ukiifungua, Excel itakuuliza kama iruhusu makro. Ruhusu. Bila hivyo vitufe vya fomu ni mapambo tu.

Angalia pia jinsi kompyuta yako inavyoandika tarehe. P10 inataka siku, mwezi, kisha mwaka. Kompyuta nyingi zikinunuliwa huwa zimewekwa mtindo wa Kimarekani, mwezi ukitangulia, na fomu itakwambia kipindi si sahihi huku wewe ukiona kiko sawa kabisa. Badilisha kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe, funga Excel, fungua tena.

Karatasi ya kwanza ni ya taarifa za mwajiri: PIN, aina ya ritani kama ni ya awali au ya marekebisho, mwezi unaoanza na unaoishia. Ukikosea mwezi hapa, utakuwa umewasilisha vizuri sana ritani ya mwezi mwingine, na ule unaodaiwa utabaki wazi.

Karatasi ya wafanyakazi ndiyo kazi yenyewe. Mstari mmoja kwa mtu mmoja. Jaza PIN, jina, ukaazi, kama kwako ni kazi yake kuu au ya pili, halafu mshahara wa msingi na marupurupu kila moja kwenye safu yake. Usirundike kila kitu kwenye mshahara wa msingi eti kwa kuwa jumla ni ileile.

PIN ya mtu ina herufi A mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi moja mwishoni. Mwaka mmoja nilikuwa nashika vitabu vya shule ndogo ya chekechea. Mwalimu mmoja aliandika PIN yake kwenye kipande cha daftari, na tarakimu yake ya 1 mimi nikaisoma 7. Kwa bahati mbaya PIN niliyoiandika ilikuwa ya mtu wa kweli. Miezi minane ushuru wa mwalimu ulikwenda kwa mtu asiyemjua. Juni ilipofika akakaa kujaza ritani yake binafsi, hakukuta senti. Nilirekebisha mwezi baada ya mwezi, mara nane. Tangu hapo nadai cheti, na jina lililo kwenye cheti nalilinganisha na lililo kwenye P10, herufi kwa herufi.

Waandike wafanyakazi wote, hata wanaopata chini ya 24,000 ambao hawalipi PAYE. Wao pia wanakatwa ada ya nyumba, na asiyeonekana kwenye orodha anakuwa kama hakuajiriwa.

Kama una watu wengi, unaweza kuandaa orodha kwenye faili la CSV na kuliingiza. Safu zipangwe vilevile kama za fomu, bila alama ya mkato ndani ya namba: 50000, si 50,000. Hiyo mkato moja huvunja mstari mzima.

Safu ya mwisho ni ya PAYE uliyoikata wewe. Hapo weka namba ya hatua ya 3. Kama fomu imekokotoa 5,845.85 nawe una 6,483.35, usilazimishe zilingane kwa kubadilisha mshahara. Rudi nyuma utafute kosa. Karibu kila mara ni punguzo ulilosahau kujaza.

Karatasi ya walemavu ijaze tu kama mfanyakazi ana cheti cha msamaha ambacho bado kinatumika. Kinamwondolea ushuru kwenye KSh 150,000 za kwanza kwa mwezi. Cheti kikiisha muda nawe ukaendelea kumsamehe, pengo hilo utalijibu wewe.

Karatasi ya ada ya nyumba isirukwe. Jaza sehemu ya mfanyakazi na yako.

## Hatua ya 5: Hakiki, pakia, chukua risiti

Bonyeza kitufe cha "Validate". Kukiwa na makosa, fomu itakufungulia orodha yake. Bofya kosa moja moja nalo litakupeleka kwenye kisanduku husika. Anza na la juu, maana likirekebishwa mara nyingi huondoka na mengine matatu.

Makosa yakiisha, fomu inatengeneza faili la zip. Liache na jina lilelile. Usilifungue uone kilichomo, usiliite "paye mwisho kabisa". Mfumo unasoma jina hilo.

Ndani ya iTax nenda "Returns", kisha "File Return", chagua PAYE, weka kipindi, pakia zip, kubali masharti, tuma.

Umefaulu ukiona: risiti ya kukiri kupokea ritani, yenye namba na tarehe. Ipakue hapo hapo. Ujumbe wa "faili limepakiwa" si risiti, na skrini kuganda ikiwa inazunguka si risiti. Kama huna karatasi hiyo, hujawasilisha.

Ikiwa mtandao umekata katikati, usipakie tena kwa hasira. Ingia kwenye orodha ya ritani zilizowasilishwa uangalie kama imo. Na kama umezuiwa na hitilafu yoyote, piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe, tarehe na saa. Siku ya kujitetea, picha hiyo ina thamani kuliko maelezo ya kurasa tatu.

## Hatua ya 6: Tengeneza namba ya malipo

Nenda sehemu ya malipo, tengeneza PRN, yaani namba ya malipo, ya PAYE ya mwezi huo, kisha lipa benki au kwa simu. Ada ya nyumba ina PRN yake peke yake, na kwenye orodha iko chini ya "Agency Revenue", si chini ya ushuru wa mapato. Wengi huitafuta pasipo, wakakata tamaa, wakalipa zote kwa PRN moja. Matokeo ni PAYE iliyolipwa kupita kiasi na ada ya nyumba inayodaiwa, yote kwenye leja moja.

NSSF na SHA hazilipwi hapa. Zina mifumo yake.

Kama pesa ni pungufu, tengeneza PRN ya kiasi ulicho nacho ulipe hicho. Adhabu na riba hutozwa kwa kilichobaki, si kwa deni lote.

Siku tatu baadaye fungua leja. Malipo yawe yameingia kwenye mwezi sahihi na mstari wa mwezi huo usiwe na salio.

## Hatua ya 7: Umeshachelewa. Hesabu faini yako kabla KRA hawajakuhesabia

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi lina PAYE ya KSh 64,000 kwa mwezi, na ada ya nyumba ya pande zote mbili 12,000. Hakuna pesa mpaka baada ya miezi miwili.

*Aliyewasilisha kwa wakati, akalipa baada ya miezi miwili:*

- Adhabu ya kuchelewa kulipa, asilimia 5: 3,200
- Riba, asilimia 1 mara miezi miwili: 1,280
- Ada ya nyumba, asilimia 3 kwa kila mwezi: 720
- Jumla: KSh 5,200

*Aliyengoja pesa ndipo awasilishe:*

- Hayo yote ya juu: 5,200
- Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha, asilimia 25: 16,000
- Jumla: KSh 21,200

Pesa ni zilezile, siku ya kulipa ni ileile. Tofauti ya 16,000 ni faili la zip.

Angalia pia ada ya nyumba. Asilimia 3 kila mwezi ni mara tatu ya riba ya PAYE. Kama huna budi kuchagua kipi kitangulie na ritani umeshatuma, deni la ada ya nyumba ndilo linalokua haraka. Mimi hulimaliza hilo kwanza, halafu narudi kwenye PAYE ambayo adhabu yake ya asilimia 5 ni ya mara moja tu.

Ukiwa umechelewa, fuata mpangilio huu:

1. Wasilisha leo. Kama ni miezi kadhaa, anza na ya zamani zaidi uje mbele.
2. Lipa ulicho nacho kwa mwezi wa zamani zaidi.
3. Omba mpango wa kulipa kwa awamu kupitia iTax. Pendekeza kiasi unachokiweza kweli. Awamu mbili zikikosekana, heshima yako imekwisha na unaweza kuona benki yako imepokea agizo la kukata pesa kwenye akaunti.
4. Ya mwezi huu usiikose unapohangaika na ya zamani.

Msamaha je? Ule wa adhabu na riba uliohusu madeni ya hadi 31 Desemba 2023 ulifungwa 30 Juni 2025. Usipange biashara kwa kutegemea kwamba mwingine unakuja.

Na kama hukuwakata wafanyakazi kabisa, usidhani deni ni lao. Ushuru ambao mwajiri hakuukata unadaiwa kwake. Nimewaona watu wakijaribu kuwakata wafanyakazi miezi minane kwa mkupuo mmoja. Ni njia ya haraka ya kujikuta mahakama ya kazi.

## Hatua ya 8: Uliwasilisha kwa wakati, lakini ulikosea

Hapa adhabu ni nyingine. Kama makosa yako yalipunguza ushuru uliopaswa kulipwa, unatozwa kwa kipimo cha pengo hilo: asilimia 20 kwa kawaida, asilimia 75 kama ulifanya kusudi. Pengo la 30,000 ni faini ya 6,000, au 22,500. Ukirudia mara ya pili kiwango kinaongezwa pointi 10, mara ya tatu pointi 25.

Kinachokusaidia ni kujitokeza mwenyewe kabla hawajagundua na kabla ukaguzi haujaanza. Hapo kiwango kinapunguzwa pointi 10: ile asilimia 20 inakuwa 10, na 6,000 inakuwa 3,000.

Utaratibu wake: chukua P10 ya mwezi uliokosewa, rekebisha, na kwenye karatasi ya kwanza badilisha aina iwe ya marekebisho. Hakiki upya upate zip mpya. Kwenye iTax tumia "File Amended Return", eleza sababu kwa sentensi moja iliyonyooka, kwa mfano "Malipo ya saa za ziada ya wafanyakazi wawili hayakujumuishwa". Lipa tofauti siku hiyohiyo ili riba isimame.

Onyo: ritani ya marekebisho inachukua nafasi ya ile ya kwanza yote. Weka wafanyakazi wote, si wale uliokosea peke yao. Kuna mtu alipakia watatu waliokosewa kati ya 22, na mfumo ukaelewa kuwa wale 19 hawakuwahi kuwepo.

## Hatua ya 9: Notisi imekuja

Soma vitu vitatu kabla ya kumpigia mtu simu: mwezi gani, adhabu ya nini, na tarehe ya notisi. Kisha toa risiti za mwezi huo kwenye folda.

Kama risiti inaonyesha uliwasilisha kwa wakati, au malipo yaliingia mwezi mwingine, huna haja ya kulia. Peleka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi, ukitaja sababu, marekebisho unayoyataka na viambatisho. Kile usichokipinga kilipe, maana pingamizi la mtu asiyelipa hata anachokubali kudaiwa halisimami. Muda huo ukipita mlango unakuwa umefungwa, na kuufungua tena kunahitaji sababu nzito.

Kama notisi ni ya kweli, rudi hatua ya 7. Ukiiacha, riba inaendelea, na cheti cha kuonyesha umetimiza wajibu wa ushuru hutakipata. Wauzaji wa vitabu na wenye mikahawa wanaotegemea zabuni za kaunti wanajua uchungu wa kukosa karatasi hiyo wiki ya kufungua bahasha.

## Februari: P9 za wafanyakazi

Kabla ya Februari kuisha, kila mfanyakazi apewe P9 (muhtasari wa mshahara na ushuru wake) ya mwaka uliopita, hata aliyeacha kazi mwezi Mei. Hiyo ndiyo anayoitumia kujaza ritani yake binafsi kabla ya 30 Juni kupita.

Usiitoe moja kwa moja kwenye programu ya mishahara. Kwanza chukua P10 zote 12, jumlisha PAYE ya mtu mmoja mmoja, uilinganishe na P9 yake. Zikitofautiana hata kwa shilingi mia, mojawapo ina kosa, na mfanyakazi atakuja kuligundua mwenyewe atakapoona iTax inamwonyesha namba nyingine.

P10, risiti, PRN zilizolipwa na P9 zihifadhi miaka mitano. Mimi nina folda moja kwa kila mwaka na ndani yake folda 12, kila moja ikiwa na vitu vinne: zip, risiti ya ritani, risiti ya PAYE, risiti ya ada ya nyumba. Folda ikiwa na vitatu, najua mwezi huo una deni kabla hata sijafungua iTax.